Lebo Chini ya Kaunta

Siku ile kompyuta zote za hospitali ziliamka na akili mpya. Usiku, watu wamelala, zilijipakulia sasisho la usalama, zikajizima, zikajiwasha, na asubuhi zikawapokea wauguzi kwa maneno ya kuwatoa hofu: sasa ziko salama zaidi kuliko jana. Usalama gani huo, sijui. Printa ya lebo, ambayo jana ilikuwa inachapa bila kubembelezwa, leo ilikuwa bubu.

Fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka zake, na hakuna aliyemwita kwa jina. Kila mtu alimwita Fundi. Asubuhi hiyo alikuwa hospitalini, lakini hakuja kazini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya wodi ya wazazi, ubavuni mwa kitanda cha wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mtoto alipelekwa chumba cha watoto akapashwe joto. Shida ilikuwa kwa mama. Damu ilikuwa haijakata.

Daktari alikuja, akafunua shuka, akafunika, akasema mgonjwa aongezewe damu mapema iwezekanavyo. Alisema polepole, kwa upole mwingi. Fundi alikuwa amefanya kazi hapo muda wa kutosha kujua kwamba daktari huyo akiwa mkali mambo ni shwari, na akianza kuwa mpole ndipo pa kuogopa.

Wifi huyu hakuwa wifi wa kupeana salamu sikukuu hadi sikukuu. Ndiye aliyemlea mume wa Fundi tangu mama yao alipofariki. Alimsomesha kwa cherehani, akawakataa wachumba kwa ajili yake, akaja kuolewa wakati wenzake wanabembeleza wajukuu, na mimba hii ilimjia wakati hata yeye alikuwa ameshaiaga habari ya watoto. Mume wa Fundi alikuwa safarini kikazi, huko ambako simu inakamata kwa kubahatisha. Jana yake alifaulu kusema neno moja tu kabla sauti haijakatika: "Nakuachia dada yangu." Neno hilo lilikuwa limemkaa Fundi kifuani tangu hapo.

Na wifi mwenyewe, pamoja na hali ile, mdomo haukulala. Alikitazama kile kisanduku cha mtandao wa Wi-Fi kilichofungwa ukutani, taa zake zikipepesa, akasema, "Wifi wa kweli ni mimi. Huyo wa ukutani kila siku anakatika."

Fundi akacheka, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa wifi yake. Ule mkono ulikuwa wa baridi.

Muuguzi wa zamu alikuwa dada mmoja mwembamba ambaye kichwa chake kilikaribia kugusa fremu ya mlango, na wodi nzima ilimwita Sista Mrefu. Alikuja na kichupa chake, akamchoma wifi, akachukua damu ya kupima kundi. Kisha akaenda kwenye kompyuta ya wodi iliyokaa kwenye meza karibu na mlango, akafungua ukurasa wa mgonjwa, akabonyeza "Chapa", akatoka kwenda kaunta kuchukua lebo.

Hapa ni lazima nieleze kidogo, maana yote yaliyofuata yanatokana na hapa. Printa ya lebo ilikuwa moja kwa kaunta, chumba cha matibabu na wodi. Iliunganishwa kwenye kompyuta ya kaunta iliyo koridoni, na vyumba hivyo viwili viliitumia kwa njia ya mtandao. Ilikuwa imewekwa kwenye rafu chini ya kaunta, mdomo wake umeelekea ndani, kwa hiyo ukitaka kuona inachochapa ni lazima uiname mpaka magoti yagune. Wauguzi hawakuinama. Walipitisha mkono chini, wakakamata lebo, wakaikata na kuibandika kwenye kichupa huku macho yakiwa kwa mgonjwa mwingine, kama mtu anavyofikia chumvi kwenye jiko lake mwenyewe. Wenyewe waliita kuchuma. Na kwa nini wasome? Lebo inayotoka sasa hivi ni ya mgonjwa uliyembonyeza sasa hivi. Imekuwa hivyo miaka yote.

Sista Mrefu alipitisha mkono akakuta hewa. Akasikika kule koridoni akiigonga printa kwa kiganja, akiita mwenzake, wakisaidiana kulaumu.

Fundi alimtazama wifi yake. Macho yalikuwa yamefumba, midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu. Alinyanyuka, akaenda kwenye kompyuta ya wodi. Ukurasa ulikuwa bado uko wazi, na jina la wifi liko juu, lile jina kamili lenye majina matatu ambalo nyumbani hakuna anayelitumia. Akabonyeza "Chapa". Akasikiliza. Kimya. Akabonyeza tena. Yeye ndiye aliyebandika kila chumba karatasi yenye maandishi makubwa: BONYEZA MARA MOJA, INATOSHA. Karatasi hiyo ilikuwa inamtazama usoni, na yeye anabonyeza tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kabisa ndani kuna watu.

Sista Mrefu akarudi amenuna. Aliikuta skrini imeganda, akaizima kompyuta kwa kuishindilia kitufe mpaka ikawa nyeusi. Akaandika jina la wifi kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye kichupa, akakituma maabara. Haukupita muda simu ikalia. Maabara walikuwa wamechoka kubahatisha miandiko ya watu, na sheria yao ilikuwa moja: kichupa kisicho na lebo ya kuchapwa hakipimwi. Bwana wa maabara alisema kile alichopelekewa ameshakitupa. Mgonjwa achukuliwe damu nyingine, iletwe na lebo inayosomeka.

Sista Mrefu akamgeukia Fundi.

"Wifi, naenda kuwatengenezea hiyo printa," Fundi alisema. "Narudi sasa hivi."

Wifi hakufumbua macho. "Zima, washa," alisema. "Si ndiyo kazi yako yote?"

Fundi alizima, akawasha. Nani asingeanzia hapo? Printa ikaunguruma, ikanyamaza. Akajaribu kuchapa kutoka kompyuta ya kaunta yenyewe, lebo ikatoka safi kabisa. Basi printa ni nzima. Akaenda chumba cha matibabu, akajaribu kutoka kule, akakataliwa: haiwezi kuunganishwa, wasiliana na msimamizi wa mfumo. Msimamizi wa mfumo alikuwa ni yeye, na jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Akapima kama kompyuta zinaonana mtandaoni. Zinaonana, tena vizuri. Zinaonana na hazisalimiani.

Basi akajua ni lile sasisho. Waliolitengeneza walikuwa wameziba tundu ambalo wezi walizoea kulipitia, na tundu lenyewe lilikuwa kwenye njia hiyo hiyo ya printa za kushirikiana. Programu ya zamani ya kuendeshea printa sasa ilikuwa haiaminiki tena. Kulikuwa na njia ya mkato: kuliondoa sasisho, mambo yarudi kama jana. Kidole chake kilifika kwenye kitufe hicho kikasita. Kuliondoa ni kuyaacha mafaili ya wagonjwa wote wa hospitali mlango wazi. Lakini wifi yake alikuwa kule ndani anavuja. Alisimama hapo, akiona aibu kwamba anafikiria. Halafu akaamua kufanya kazi kama inavyotakiwa. Akatafuta programu mpya, akaiweka kwenye kompyuta ya kaunta kwa neno lake la siri, akakosea herufi, akarudia. Ikikaa kwenye kaunta, kompyuta nyingine huipokea zenyewe.

Kabla ya kujaribu, alikumbuka foleni. Watu walikuwa wamebonyeza asubuhi nzima, na kazi zile zote zilikuwa zimejipanga zikingojea mlango ufunguliwe. Akaifuta foleni ya kaunta. Akaenda chumba cha matibabu, akaifuta ya kule, akachapa lebo ya majaribio. Printa ikalia kule chini ya kaunta, na mtu akapiga kofi moja la furaha. Ilibaki kompyuta ya wodi. Kazi zilizobonyezwa kwenye kompyuta hiyo zilikuwa zimekaa ndani yake yenyewe, na imezimwa, na kuizima hakufuti kitu. Fundi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile.

Aliingia wodini kwa nia ya kuiwasha. Mkono ulikuwa umeshafika mezani. Wifi akaguna, mguno mfupi, wa mtu aliyeficha maumivu muda mrefu na sasa yamemponyoka. Fundi akaipita kompyuta.

Sista Mrefu alikuwa kitandani tayari anabadilisha pedi. Hakumwonyesha Fundi alichokiona, aliikunja haraka. Akamwambia aende mbio famasi akachukue dawa ya kukaza kizazi, kwa mkono wake, asingojee kuletewa. Fundi akaenda mguu niponye. Famasi kulikuwa na watu, akawapita wote, wakamtukana, akaomba radhi huku anapita.

Aliporudi, kompyuta ya wodi ilikuwa inawaka. Sista Mrefu hakuwepo, alikuwa ameitwa chumba cha kujifungulia ambako kuna mtoto aliyekuwa anakuja akitanguliza miguu. Dawa aliipokea mwenzake wa kaunta, akaiingiza kwenye dripu. Kitanda cha dirishani, jirani na wifi, kilikuwa na mama mmoja mcheshi anayengojea upasuaji siku hiyo, na mama huyo alikuwa ameshikilia pamba mkononi, pale wanapochoma.

"Wameshachukua damu," alimwambia Fundi. "Sasa tunangoja."

Fundi akashusha pumzi. Printa imepona, damu imechukuliwa, maabara wanapima. Alimshukuru Mungu, akakaa.

Wifi alikuwa ameanza kupotea. Aliuliza kama mama ameshakunywa chai. Mama yao alikuwa kaburini tangu mume wa Fundi akiwa mtoto. Fundi akamjibu kwamba ameshakunywa, kwa sababu angesema nini? Akampangusa jasho usoni, na jasho lenyewe lilikuwa la baridi, na roho yake ilikuwa juu juu, inapanda na kushuka na kila pumzi ya yule mwanamke. Alijaribu kumpigia mumewe. Haipatikani. Alishukuru kwamba haipatikani, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Zamu ikabadilika. Akaja muuguzi mwingine, mnene, mpole, mwenye viatu visivyolia, na mkononi ana mfuko wa damu. Fundi akamwambia mgonjwa ameanza kumwulizia mama yake marehemu. Muuguzi akaifanya kazi yake kwa utaratibu. Alisoma jina kwenye mfuko. Akasoma jina kwenye faili la mgonjwa. Akainama, akamwuliza wifi jina lake, na wifi akayataja yote matatu, kwa shida, lakini akayataja. Vyote vilikubaliana. Muuguzi akautundika mfuko kwenye chuma, akaanza kuunganisha mpira.

Fundi alikuwa na furaha ya kulia. Na kwa furaha hiyo akatania, maana kwao utani ndiyo lugha. "Pole wifi. Leo wamekutoboa kama chujio. Ile sindano ya pili iliuma?"

Wifi akafumbua macho. "Ipi ya pili?"

"Ya kuchukua damu. Nilipokuwa famasi."

"Nimechomwa moja," wifi alisema. "Ya asubuhi. Ulikuwepo."

Fundi akanyanyuka. Akafunua shuka. Mkono mmoja ulikuwa na dripu, umekuwa nayo tangu alfajiri. Mwingine ulikuwa na pamba moja tu chini ya plasta, na damu yake ilikuwa imeshakauka ikawa nyeusi. Akautafuta ule mkono wote, kiwiko mpaka vidole. Hapakuwa na tundu jingine.

Kichupa cha asubuhi kilitupwa. Hakuna kingine kilichochukuliwa. Sasa hii damu iliyotundikwa hapa, yenye jina la wifi, walipima damu ya nani?

"Sista, usifungue," alisema.

Yule muuguzi alikuwa na vidole kwenye kile kibano cha mpira. Aliuliza kuna nini, Fundi akamweleza, maneno yakigongana. Muuguzi alimsikiliza kwa subira, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa huyu dakika chache zilizopita alikuwa anamwulizia marehemu. Atakumbukaje amechomwa mara ngapi? Na muuguzi aliyetangulia anaweza kuwa alipitishia sindano pale pale pa asubuhi. Jina ni lake, na lebo imechapwa na mashine, haikuandikwa na mtu.

"Dada yangu," alimalizia, "damu inamtoka. Tukichelewa tunampoteza."

Hapo ndipo Fundi alipoijua hofu yenyewe, ile isiyo na pa kukimbilia. Akiwaacha waifungue, na damu ni ya kundi jingine, wifi atakufa mbele yake kwa damu hiyo. Akiwazuia, na ikawa wifi alisahau tu, atakufa kwa kuikosa, na aliyeizuia ni yeye. Nakuachia dada yangu. Aliitazama kompyuta ya wodi pale mezani, inawaka kwa utulivu, na akakumbuka kwamba aliipita.

"Nipe nafasi nifike kaunta nirudi," alisema. "Nakuomba. Usifungue mpaka nirudi."

Alitoka mbio, akajitupa chini ya kaunta kwa magoti. Printa ilikuwa inawaka taa ya kijani, mdomoni haina kitu. Akapapasa kwenye rafu, akapapasa sakafuni. Hakuna. Akaingiza mkono nyuma, kwenye upenyo kati ya rafu na ukuta, vidole vikagusa karatasi. Akaivuta. Ikaja, ikaendelea kuja, utepe wa lebo ambazo hazijakatwa, zilizotoka zenyewe na kuangukia nyuma bila mtu kuziona.

Lebo ya kwanza ilikuwa na jina la wifi. Ya pili ilikuwa na jina la wifi. Na iliyofuata, na iliyofuata. Alizipitisha vidoleni moja moja, na jina lilikuwa lile lile, mpaka akafika mwisho. Lebo ya mwisho kabisa ilikuwa ya mama wa kitanda cha dirishani, nzima, haijachumwa na mtu.

Basi akaiona yote kama vile alikuwepo. Sista Mrefu amemchoma mama wa dirishani kwanza, kwa kuwa wa upasuaji walikuwa wanamtaka. Akawasha kompyuta, akabonyeza. Kompyuta, ilipouona mlango uko wazi, ikatapika kwanza yale ya asubuhi. Sista akapitisha mkono, akachuma iliyotangulia, akabandika bila kusoma, na kabla hajamrudia wifi akaitwa kule kwingine. Kichupa cha mama wa dirishani kikaenda maabara kimevaa jina la wifi, na maabara walikuwa wanakingojea kichupa hicho kwa hamu.

Alirudi wodini na ule utepe mkononi. Daktari alikuwa ameshafika, amesimama kitandani, anauliza kwa ukali kwa nini damu haijaanza kuingia. Muuguzi wa viatu visivyolia alikuwa bado ameshika kibano, hajakifungua, na machozi yanamlenga. Fundi akaunyoosha utepe. Daktari akausoma wote, akalitazama jina la mwisho, akamtazama mama wa dirishani na pamba yake mkononi. Ukali ukamtoka usoni, akawa mpole.

Mwenyewe akaushusha mfuko. Mwenyewe akamchoma wifi, akaandika jina kwa kalamu, akawapigia maabara kwamba kinakuja kimeandikwa kwa mkono na wakipime hivyo hivyo. Akauliza kama kuna mfuko wa dharura, ile damu inayomfaa kila mtu. Akaambiwa ulitumika jana.

Ikabaki kungoja.

Sista Mrefu alitokea chumba cha kujifungulia akiwa bado na aproni. Alielezwa. Alikitazama kiganja chake cha kulia kama kitu alichookota. "Nilichuma tu," alisema. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kilicho wazi, yule dada mrefu, akawa mdogo.

Daktari akauliza ni nani aliyebonyeza mara zote hizo. Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anajaza ukimya. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa kwa jina la Sista Mrefu, kwa hiyo macho yalimwendea yeye. Alisema alibonyeza mara moja. Alirudia, mara moja tu. Fundi alifungua mdomo. Akaufumba. Alikuwa ameshika mkono wa wifi na anahesabu pumzi zake, akipoteza hesabu na kuanza upya, na alihisi kwamba akisema neno lolote, pumzi inayofuata haitakuja.

Wifi hakusema kitu tena. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Alimwita, akamtania, akamwambia yule wa ukutani leo hajakatika hata mara moja, amka umwonee wivu. Midomo haikucheza. Mama wa dirishani alikuwa ameanza kuomba kwa sauti ya chini, na Fundi akataka kumwambia anyamaze, na akataka asinyamaze.

Bwana wa maabara alikuja mwenyewe. Hakumtuma mtu, na alikuwa anakimbia, ijapokuwa ni mzee. Mfuko mpya aliukumbatia kifuani. Alimpa daktari, kisha akauchukua ule wa kwanza, akaugeuzageuza, akasema makundi yalikuwa tofauti. Ile ingemmaliza, alisema, tena upesi. Kisha akatafuta ukuta wa kuegemea.

Safari hii walisoma watatu. Walimtazama mgonjwa, wakausoma mfuko, wakatazamana wao kwa wao. Kibano kikafunguliwa. Damu ikashuka kwenye mpira, taratibu, na Fundi aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia. Bado alikuwa anaogopa. Aliogopa mfuko ulipofika nusu, aliogopa ulipokwisha, aliogopa walipoutundika mwingine. Mama wa dirishani naye alichomwa upya, akapelekwa kwenye upasuaji wake na lebo iliyosomwa na wodi nzima.

Mchana ulipoanza kupoa, damu ya wifi ilikuwa imekata na rangi imeanza kurudi midomoni. Mtoto aliletwa, akalazwa ubavuni mwake, akalala kama asiye na habari. Wifi alimtazama muda mrefu. Halafu akamtazama Fundi, ambaye alikuwa bado ana ule utepe kwenye ngumi, umelowa jasho, hajui kama anao.

"Hizo ni nini?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejifunza kuongea upya. "Hebu."

Fundi akampa. Wifi aliufungua utepe juu ya shuka, akasoma jina lake, akasoma jina lake tena, mpaka karatasi ikafika miguuni pa mtoto.

"Nani kaniandika mara zote hizi?"

Sista Mrefu alikuwa kitanda cha pili anabadilisha dripu. Zamu yake ilikuwa imekwisha tangu saa zile, hakuondoka. Mikono yake ikasimama.

"Mimi," Fundi alisema. Alisema kwa nguvu, yule wa kitanda cha pili asikie. "Siyo Sista. Ni mimi niliyebonyeza, na ni mimi niliyesahau kuzifuta."

"Kwa nini, wifi?"

"Nilikuwa naogopa."

 Wifi aliusogeza utepe pembeni, akautafuta mkono wa Fundi juu ya shuka, akaushika. Mkono wake ulikuwa wa joto.